Mwanasayansi wa Kanisa Letu

Nilianza kumdharau kabla hajafungua mdomo. Ilikuwa siku ya kwanza ya maabara ya kemia, katika koleji ya miaka miwili pale Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, na sote tulikuwa tumepanga foleni kuchukua aproni za plastiki zilizotundikwa ukutani, zile zenye madoa ya wanafunzi waliotutangulia. Yeye hakupanga foleni. Aliingia na koti jeupe refu hadi magotini, limepigwa pasi, na juu ya mfuko wa kifuani fundi cherehani alikuwa ametarizi jina lake kwa uzi wa buluu. Mbele ya jina kulikuwa na herufi mbili, D na r. Wakati huo hatukuwa hata tumefundishwa kuwasha kichomeo cha gesi.

Nilimfahamu. Alikuwa mtoto wa familia iliyotoka Uvira, Kongo, kama sisi, na mama yake na mama yangu walikaa benchi moja kanisani. Mwalimu alipotupanga wawili wawili kwa kufuata herufi za majina tukaangukia meza moja, nikajua kwamba muhula mzima nitaishi na lile koti.

Mimi nilikuwa natoka kazini moja kwa moja, kwenye ghala la vifurushi, na viatu vyangu vya kazi vyenye ncha ya chuma nilivivaa hadi darasani. Sayansi nilikuwa nimeipenda tangu kambi ya wakimbizi kule Kigoma, ambako mwalimu wetu wa fizikia hakuwa na kifaa hata kimoja. Alichora kila kitu ubaoni. Kipimajoto alikichora, mizani aliichora, hata sumaku aliichora pamoja na vumbi la chuma likiifuata. Nilifaulu mtihani wa kipimajoto bila kuwahi kukigusa. Kwa hiyo siku nilipokishika cha kweli pale Louisville, na ile zebaki bandia nyekundu ikapanda kwa joto la kidole changu, nilikaa nikiitazama kama mjinga. Mwenzangu alikuwa anajipiga picha.

Mshauri wa masomo wa koleji ile alikuwa mama mwenye sauti tamu ambaye aliniuliza mara tatu kama sikumaanisha unesi. Nilimwambia kemia na fizikia. Akasema wengi wa watu wenu wanachukua unesi na wanafurahi sana. Nilipokataa tena, alifungua droo akanipa karatasi ya rangi iliyoeleza kazi ambazo mtu wa sayansi anaweza kuzipata. Juu yake kulikuwa na picha ya msichana mwenye meno mazuri anachungulia mrija wa maji ya buluu huku akitabasamu. Chini waliandika kwamba anaweza kuwa mwanakemia, mtaalamu wa miamba, mtaalamu wa hali ya hewa, hata wa nyota. Hawakuandika kwamba kwa karibu kila kazi hapo, miaka miwili ya koleji ni mlango wa nje tu. Na katika maabara zote nilizofanyia kazi tangu wakati huo, sijaona mtu hata mmoja akitabasamia maji ya buluu.

Aliyetuambia ukweli ni mwalimu wa kemia peke yake. Alikuwa bibi mfupi wa Kentucky, nywele nyeupe amezikata kama mwanajeshi, aliyemaliza ujana wake katika kiwanda cha rangi kabla ya kuja kufundisha. Aliuliza darasani nani anataka kugundua dawa ya saratani. Mikono mingi ikapanda, wa mwenzangu ukiwa wa kwanza. Akasema vizuri, ishusheni. Halafu akatueleza kwamba kazi zipo, ila ni za maji ya bomba, rangi, saruji, mpira, pombe, udongo na sabuni.

"Mtapima vitu," alisema. "Kesho mtavipima tena. Asiyependa kupima aondoke sasa, arudishiwe ada yake."

Mwenzangu alicheka, akaniinamia akaniambia kwa Kiswahili kwamba huyu bibi alishindwa maisha ndiyo maana yuko hapa. Mimi nilimpenda bibi yule kuanzia hapo.

Muhula wetu ulikwenda hivi. Kulipokuwa na asidi ya kupimwa nguvu, mimi ndiye niliyekaa na bomba la kioo, nikifungua koki taratibu ili tone moja moja lianguke, hadi maji ya chini yabadilike kuwa waridi hafifu. Ukizidisha tone moja yanakuwa mekundu kama sharubati na unaanza upya. Yeye alisimama nyuma yangu akiwa amevaa miwani ya kinga, simu mkononi. Nikipata jibu aliliandika kwenye karatasi yake kwa mwandiko mzuri sana. Wiki moja nilikuwa mgonjwa, akafanya peke yake. Niliporudi, mwalimu alimwonyesha majibu yake matatu, yote sawasawa hadi nukta ya mwisho, akamuuliza ametumia mkono gani ambao hautetemeki. Jumapili iliyofuata, kanisani, alieleza wazee kwamba profesa wake anashangazwa na mikono yake.

Mama yangu alimwamini kama wote. Yeye alikuwa akiogesha na kuvisha wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na alitaka nichukue ile kozi fupi ya usaidizi wa wauguzi tufanye kazi pamoja. Nilipokuwa nasoma jikoni alisimama na mwiko wake akanitazama.

"Bon, unasoma mawe na moto, sawa," alisema. "Lakini nani atakulipa juu ya kuangalia moto?"

Nikamuuliza mbona yule mwenzangu anasoma mawe na moto hayo hayo na hamumuulizi. Akasema yule atakuwa dokta.

Mwisho wa miaka miwili nilimaliza. Yeye alishindwa somo la pili la fizikia, lile la umeme, kwa sababu mwalimu wake hakuruhusu watu kufanya kazi wawili wawili mezani. Bila somo lile hakukuwa na cheti. Nilijua kwa kuwa jina lake halikusomwa siku ya mahafali, na siku hiyo hakuja. Lakini wiki ileile ilitangazwa kanisani kwamba amechukuliwa na chuo kikuu cha Columbus, kule Ohio, kwenda kuendeleza utafiti. Utafiti wa nini, hakuna aliyeuliza. Mchungaji alimwita mbele, wazee wakamwekea mikono kichwani, kwaya ikaimba. Alikuwa amelivaa koti lake kanisani.

Baada ya hapo mchungaji akasema tusiwasahau na dada zetu waliomaliza kozi ya unesi, wasimame tuwapigie makofi. Akalisoma jina langu. Mimi nilikaa. Mama akanishika kiwiko akanisukuma juu. Nikasimama katikati ya wasichana waliosomea kuogesha wagonjwa, nikapigiwa makofi kwa kitu nisichokisoma, na mtu wa nyuma yangu akaniambia kwamba Mungu ni mwema, sasa wazee wetu watapata wa kuwatunza. Niliitazama ile hadhara yote yenye furaha, nikaona watu wasiojua tofauti ya sindano na mizani na wasiotaka kuijua.

Kazi niliitafuta miezi kadhaa. Kiwanda kimoja cha pombe kali pale Louisville kilinitaka katika maabara yake. Mama alilia, akasema kanisani watasema binti yake anapika pombe, nikakiacha. Hatimaye bibi wa kemia alinipigia simu. Kiwanda cha rangi huko Columbus kilihitaji fundi wa maabara, na alikuwa amenitaja kwa mtu aliyefanya naye kazi zamani. Nikahojiwa, nikapata. Mama alifurahi kwa sababu moja tu, kwamba nitakuwa karibu na yule kijana. Akanifungia ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa la kwetu, katika mifuko mitatu ya plastiki ili nimpelekee, maana mtu wa utafiti anakula vibaya.

Nilikaa kwa binamu yangu Columbus. Kazi ilikuwa ileile aliyoieleza bibi. Nilichovya, nilipaka, nilipima. Kulikuwa na kikombe chenye tundu chini. Unakijaza rangi, unaachia, unahesabu itachukua muda gani kumwagika yote, na hapo unajua kama ni nzito au nyepesi. Kisha unaipaka kwenye kadi, inakauka, unailinganisha na kadi ya mwaka jana chini ya taa maalumu. Nilikuwa na jicho zuri la weupe. Watu wanadhani nyeupe ni moja.

Yule kijana nilimpigia mara nyingi kuhusu ndagala wake. Kila mara alikuwa na shughuli. Mara yuko katikati ya jaribio ambalo haliwezi kuachwa, mara kuna wageni kutoka Ujerumani. Nyuma ya sauti yake nilisikia honi na upepo. Siku moja alisema yuko kwenye chumba kisichoruhusu simu, nikamuuliza sasa unaongeaje, akakata. Ndagala nikawala na binamu yangu kwa ugali.

Halafu siku moja, kabla ya chakula cha mchana, lori la tangi liliingia kiwandani na gundi ile inayoshikisha rangi. Sheria yetu ilikuwa kwamba tangi halimwagwi hadi fundi wa maabara achukue sampuli kwanza. Nikavaa kofia ngumu nikatoka na chupa yangu. Dereva alishuka akiwa na fulana ya rangi ya machungwa na glavu nene, akageuka, akaniona. Alikuwa yeye.

Nikamuuliza habari za utafiti. Akatazama chini.

Lazima niseme nilichokiona. Alipanda juu ya tangi, akafungua mfuniko kwa mpangilio, akachukua sampuli bila kumwaga hata tone, akaifuta chupa, akanipa. Akafunga mpira mnene kwenye bomba letu, akaukagua mara mbili, akaweka ndoo chini ya kiungio. Alikuwa anajua kazi yake. Miaka miwili nimekaa naye meza moja sikuwahi kumwona akifanya kitu kwa uangalifu namna ile. Kama angeishia hapo ningeondoka nikimheshimu.

Hakuishia hapo. Kwanza aliniomba nisiseme Louisville. Alisema mama yake ana shinikizo la damu, habari hii itamuua. Nikamwambia kuendesha lori si aibu, mimi mwenyewe nimebeba maboksi. Akasema nyumbani hawataelewa. Nikamwambia siwezi kumsemea wala kumficha, nina kazi. Akawa anautazama mlango wa maabara yetu.

"Dada," alisema, "kwa kuwa niko hapa, nipige picha moja tu humo ndani. Koti ninalo garini."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Alikuwa kweli amelibeba, limekunjwa vizuri nyuma ya kiti. Nikamwambia hapana, nikaondoka na chupa yangu. Nikiwa nasubiri kikombe kimwagike nilimwona dirishani, ameegemeza simu kwenye kigingi cha maegesho, amesimama mbele ya mlango wetu na koti lake jeupe, mikono nyuma, uso wa mtu anayefikiri.

Jumapili ile mama alinitumia picha hiyo, iliyokuwa imezunguka kanisani, pamoja na ujumbe wa sauti.

"Angalia mwenzako," alisema. "Yeye iko mbele. Weye uko kule kule na hata picha moja hautumi."

Mwaka uliofuata niliamua kuendelea na shahada, nikapata nafasi katika chuo kikuu kilichoko Amherst, nje kidogo ya Buffalo, jimbo la New York. Ofisi ya chuo iliyapitia masomo yangu ya Louisville. Kemia wakaikubali. Fizikia zote mbili wakaziita masomo ya ziada, maana yake nimesoma, hongera, anza tena. Nilimuuliza kijana aliyekaa kwenye dirisha la ofisi hiyo kama umeme wa Kentucky unapita kwenye waya tofauti na wa New York. Alisema anaielewa hasira yangu, akanipa karatasi ya rangi. Ilikuwa na msichana na mrija wake.

Nilipanga chumba cha juu kwa familia moja ya Wakongo pale East Side ya Buffalo, na mchana ambao sikuwa darasani nilifanya kazi katika maabara ndogo ya zege. Wajenzi wanapomwaga zege la barabara au la daraja wanajaza pia mikebe midogo ya mviringo. Zege likishaganda linaletwa kwetu, linakaa kwenye chumba chenye unyevunyevu, na siku yake ikifika tunaliweka kwenye mashine inayolikandamiza hadi lipasuke. Mashine inatuonyesha lilivumilia mzigo kiasi gani. Kelele yake ni kama mlango wa chuma uliopigwa teke. Niliipenda kazi hii kuliko ya rangi. Zege halijali linatoka kwa nani.

Watu wa Amherst walikuwa namna nyingine. Kulikuwa na Wakenya waliokuja kusoma, wengine wakabaki kama wahandisi na wahasibu, na walikuwa wakarimu, kila mwezi walikutana nyumbani kwa mmoja wao kuomba na kula nyama choma. Nilialikwa. Mama mwenye nyumba akaniuliza kama niko kwa uzamili au uzamivu. Nikasema shahada ya kwanza, baada ya koleji ya miaka miwili. Akasema si mbaya, ni mahali pa kuanzia, akanigusa bega na kunihamishia jikoni nikasaidie kukata sukuma wiki. Mumewe alitueleza jioni nzima jinsi watoto wa siku hizi wanavyokimbia masomo magumu. Nilikuwa nimekaa mkabala naye na kitabu cha fizikia kwenye begi, ile ya umeme, kwa mara ya pili. Hakuniuliza neno. Magari yao yalijaa barabara nzima, yote meusi, yote yameoshwa.

Nilikuwa nakaribia kumaliza masomo wakati mchungaji wa Louisville aliponipigia. Kanisa lilikuwa na siku ya vijana kuhusu masomo na kazi. Mgeni mkuu atakuwa yule ndugu mwanasayansi wa Columbus, na mimi wangependa niongee kidogo na wasichana kuhusu unesi. Nikamwambia sijasomea unesi. Akasema hospitali au maabara, yote ni koti jeupe, mwanangu, njoo. Nilikwenda kwa sababu mama alisema nisipokuja ataonekana hana mtoto.

Ukumbi ulijaa. Yeye alivaa suti, akasimama mbele akaongea muda mrefu kuhusu ndoto. Aliwaambia vijana kwamba sayansi ni kipawa, mtu anacho au hana. Aliwaambia wasipoteze muda na koleji ndogo za miaka miwili, yeye aliyapita haya yote upesi kwa sababu alijua anakokwenda. Wazazi walitikisa vichwa kwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili na wasichana wa unesi.

Kisha msichana mmoja wa sekondari akanyanyua mkono. Aliuliza kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote wanavyouliza, kwamba anataka kujua mgeni anafanya nini kazini tangu anapoingia hadi anapotoka. Hakuwa anamtega. Alitaka kujua tu. Akajibiwa kwamba anapima. Anapima nini? Kemikali. Kwa kutumia nini? Hapo mgeni akapapasa tai yake, akatazama huku na huku, akaniona, na uso wake ukapata nuru. Akasema dada yake yupo hapa, yeye ni fundi mdogo katika fani hii, ataeleza mambo ya vifaa.

Nikasimama. Nikawaeleza kazi yangu, ile mikebe, ile mashine, ule mshindo. Nikawaeleza ya rangi na kikombe chenye tundu. Nikawaambia kwamba ukimaliza koleji ya miaka miwili unaweza kuanza kazi ya maabara siku ileile, katika maji, saruji, vyakula na viwanda, kwamba utakula na kulipa kodi lakini hutatajirika, na kwamba ukitaka kupanda itakubidi uendelee na chuo kikuu kama mimi, na watakunyang'anya nusu ya uliyoyasoma. Msichana alikuwa akiandika. Kisha akauliza kama na yule kaka anafanya hivyo hivyo.

Ningeweza kusema amuulize mwenyewe.

"Huyu anaendesha lori la tangi," nilisema. "Nimewahi kuchukua sampuli kwenye tangi lake. Anaendesha vizuri, ana leseni ya kubeba kemikali, na hakuna ubaya hapo. Lakini koleji anayowakataza ndiyo iliyomshinda."

Nikasubiri. Nilidhani sasa lile jambo limekwisha, kama zege likishapasuka.

Yeye aliweka mkono kifuani akainamisha kichwa. Akasema dada amesema kweli. Akasema Bwana alimshusha kutoka mahali pa juu ili amfundishe unyenyekevu, na kwamba hakutaka kujisifu kwa mateso yake. Sauti ikamkatika mahali panapofaa. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele. Mchungaji akachukua maiki akasema anayebeba kemikali barabarani ni mwanasayansi kuliko anayekaa nazo chumbani, maana anahatarisha maisha yake kwa ajili yetu. Makofi yakapigwa hadi viti vikatikisika. Kwenye foleni ya wali mama mmoja wa kwaya aliniambia kwa upole kwamba wivu unazeesha uso.

Nyumbani mama aliketi kuvua viatu. Nilimwambia amewaona watu wake, wamedanganywa miaka yote na bado wanampigia makofi. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mzito kuelewa.

"Bote tulikuwa tunajua," alisema. "Akikuja kulala, kichwa ya kamyo yake, ile lori, inasimamaka nyuma ya nyumba yao, mtaani Shively. Donc, nani hakuiona? Lakini mama yake iko nalala muzuri. Weye umemuvula nguo mutoto wake mbele ya watu, umepata nini?"

Nilikuwa nimewadharau kwa kudanganyika, kumbe hawakudanganyika. Nililala nikitafuta namna mpya ya kuwadharau, na asubuhi nilikuwa nimeipata. Walijua, na bado walinisimamisha mimi na wauguzi.

Nilimaliza shahada yangu Amherst bila sherehe. Mambo ya yule kijana yalikwenda vizuri kuliko yangu. Ana malori yake mwenyewe sasa, ameajiri binamu zake, na mchungaji anawapeleka vijana kwake. Kwa pesa ananipita mbali. Simwonei wivu, hata kama kwaya nzima itasema vinginevyo. Nikimkumbuka juu ya lile tangi na glavu zake namwona mtu ambaye angeweza kujiheshimu. Nikimkumbuka na suti yake, bado namdharau, na dharau hiyo inaniburudisha. Yule msichana wa maswali alikwenda kusomea unesi. Aliniandikia mwenyewe akanieleza sababu zake, na zilikuwa sababu nzuri, jambo lililoniudhi zaidi.

Mwaka jana mama alikuja Buffalo kunitembelea. Ninasimamia maabara ile ya zege sasa, na siku moja hakutaka kubaki nyumbani, nikaenda naye kazini. Bosi wangu alimpa kofia ngumu na miwani, akamwekea kiti mbali na mashine. Zege la kwanza lilipopasuka alipiga ishara ya msalaba, ingawa sisi si Wakatoliki. La pili lilipopasuka alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. Niliendelea na kazi, sikumweleza kitu, na kufikia mchana alikuwa amesimama pembeni yangu akinionyesha kwa kidole ufa unapoanzia.

Tulirudi kwa gari langu hadi tukakaribia East Side. Akasema ni kazi ya kuchosha macho. Nikasema ndiyo. Akasema lakini mtu anaifanya akiwa amesimama wima, hamnyanyui mzee kitandani. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa umemsumbua majira yote ya baridi. Akaniuliza kama wanaweza kumpa hata yeye kazi ile. Nikamwambia lazima mtu asome kwanza, miaka miwili, pale pale Louisville.

Akafikiri.

"Na mutu wa miaka yangu banamupokeaka?"

Nikamtazama nione kama anatania. Nikamwambia wanampokea yeyote, ila kuna hesabu nyingi. Akanijibu kwamba ameuza samaki Uvira tangu hajaolewa na hakuna mtu aliyewahi kumwibia kwenye mizani, kisha akaniambia nitazame barabara.